Vichaka Vikishinda Malisho

Shamba la malisho likiachwa miaka mitatu au minne bila kutunzwa, halikai likimngoja mwenyewe. Kwanza nyasi ngumu husimama zikawa mabua, kwa kuwa ng'ombe huchagua zilizo laini na kuziacha hizo. Kisha vichaka huota kimoja kimoja, na mwenye shamba husema, "Hivyo ni vidogo, nitavikata kesho." Kesho hiyo ifikapo, ndama wake akilala umbali wa hatua 20 hamwoni.

Katika Bonde la Ufa, kutoka Naivasha na Gilgil mpaka Nakuru, mvamizi huyo mara nyingi ni leleshwa, yule mwenye majani ya kijivu na harufu ya kafuri. Mahali pengine ni lantana. Nao kupe hupenda pori namna hiyo: hupanda juu ya majani ya nyasi ndefu na kungoja mnyama apite. Kupe wa masikio ndiye aletaye ndigana kali, na kila mfugaji ajua jinsi ugonjwa huo unavyoua ndama.

Kwa mwenye ekari moja, panga na fyekeo zatosha, na asidanganywe kutumia fedha zaidi. Lakini mwenye ekari 10 za pori hufanya vema kufikiri juu ya mashine ya kufyekea inayofungwa nyuma ya trekta. Mashine hiyo ni kama sinia kubwa la chuma lililofunikwa kifudifudi, na chini yake mna visu viwili vizito vinavyozunguka. Nguvu hutoka katika injini ya trekta, hupita katika shafti na giaboksi, kisha huvifikia visu. Havihitaji makali ya wembe, maana hukata kwa kishindo. Wala havikukazwa kabisa. Vimeshikwa na bolti nene ili vikigonga kisiki virudi nyuma, halafu mzunguko wenyewe huvinyosha tena. Trekta yenye nguvu za farasi 35 hivi huiweza mashine ya upana wa futi 5.

Huko Marekani mashine hizi zimezoeleka tangu miaka ya 1950. Kampuni ya Bush Hog ya Selma, Alabama, ilianza mwaka 1951, na jina lake, ambalo maana yake ni nguruwe wa vichakani, limekuwa vinywani mwa wakulima wa huko jina la kila mashine ya aina hii. Aliyewahi kuona shamba lake la viazi baada ya nguruwe mwitu kupita usiku ataielewa sifa hiyo.

Sasa, kabla ya trekta kuingia shambani, mwenye shamba na aingie kwa miguu yake. Neno hili madereva wengi hulidharau kwa sababu hulipwa kwa ekari na wana haraka. Tembea huku na huku ukiwa na fimbo, na vijiti vyenye vitambaa vyekundu. Kila penye jiwe, kichuguu, kisiki cha kale au shimo la mhanga, chomeka kijiti. Gurudumu la mbele likitumbukia katika shimo la mhanga, trekta yaweza kupinduka. Okota waya wote wa seng'enge, kwa maana waya ukijizungusha kwenye visu, kazi ya siku hiyo imekwisha, na kipande kikikatika huruka kama risasi.

Jambo hili la kuruka si hadithi. Ncha ya kisu katika mashine ya futi 5 hupita mwendo wa zaidi ya kilomita 200 kwa saa, na jiwe likipigwa na chuma chenye mwendo huo laweza kumwua mtu aliye mbali sana. Kwa hiyo watoto, ambao hupenda kukimbia nyuma ya trekta, wafungiwe nyumbani siku hiyo, na wachungaji waambiwe tangu jana yake. Minyororo inayoning'inia mbele na nyuma ya mashine imewekwa ili kuzuia mawe. Ukiona imekatika, mkatalie mwenye trekta mpaka aitengeneze. Shafti nayo huzunguka mara 540 kwa dakika, yaani mara 9 katika kila sekunde. Ikishika mkono wa koti, hapana nafasi ya kupiga kelele. Kifuniko chake kisiondolewe, wala mtu asishuke kuondoa tawi lililokwama kabla injini haijazimwa na visu havijasimama.

Kazi yenyewe haina maneno mengi. Nenda polepole, na pita ya kwanza uinue mashine juu kidogo, ndipo urudie chini zaidi. Shina linalozidi inchi 2 au 3, kwa kadiri ya ukubwa wa mashine, liachiwe shoka.

Lakini hapa ndipo wengi wetu hupotea, na mimi nilipotea pia. Mara ya kwanza nilipokodi trekta, jioni niliyaona malisho yamekuwa meupe, nikarudi nyumbani nikijisifu. Baada ya mvua mbili leleshwa ilirudi, na mahali palipokuwa na shina moja sasa palikuwa na machipukizi sita. Mashine hukata tu, haiui. Mzizi ungali na akiba yake ya chakula, na akiba hiyo hupungua endapo tu machipukizi yatakatwa tena yakiwa bado machanga, kabla hayajaurudishia mzizi kilichotumiwa. Mbuzi husaidia kwa vichaka vingi. Kisiki cha leleshwa yafaa king'olewe, tena ni kuni nzuri sana.

Mpungate, unaosumbua sana Laikipia, usiupitishie mashine kamwe. Kila kipande kinachoanguka chini chaweza kutoa mizizi, nawe utakuwa umeupanda shamba zima kwa gharama yako mwenyewe.

Penye udongo ulio wazi, panda nyasi mara mvua zinapoanza. Boma Rhodes hufaa sehemu nyingi. Mbegu zake ni ndogo na nyepesi, basi zifunikwe kidogo tu, na ng'ombe wasiingizwe mpaka mizizi ishike, hata ng'ombe wa shemeji.

Malisho yangu yalikatwa mara tatu katika miaka miwili kabla nyasi hazijashinda. Visiki vinne vingali vimebaki karibu na lango. Tutaving'oa Jumamosi, baada ya kukamua.