Sifa za Mwalimu wa Shule ya Biashara

Mwalimu wa shule ya biashara huheshimiwa kwa vyeo vya aina mbili. Cha chuoni hupandwa kwa ngazi: mhadhiri, mhadhiri mwandamizi, profesa mshiriki, kisha profesa. Nchini Kenya, Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu ilitoa vigezo vya pamoja vya kuwapandisha vyeo wahadhiri mwaka 2014, na humo shahada ya uzamivu na machapisho vina uzito mkubwa. Cha pili hutoka kwa chama cha taaluma. Mwalimu wa uhasibu aliyefaulu mitihani ya KASNEB, bodi ya mitihani ya uhasibu nchini Kenya, huweza kusajiliwa na ICPAK, chama cha wahasibu, na kuitwa CPA, yaani mhasibu aliyeidhinishwa; akiitumikia fani kwa muda mrefu, huweza kufikia hadhi ya juu zaidi, ya FCPA.

Kinachomtofautisha msomi, hata hivyo, ni utafiti. Makala hupelekwa kwenye jarida, wataalamu wasiotajwa majina huichambua, na nyingi hukataliwa. Orodha ndefu ya machapisho haina maana ikiwa majarida yenyewe huchapisha chochote mradi mwandishi amelipa.

Mfano bora ni Tavneet Suri, Mkenya anayefundisha katika shule ya biashara ya chuo cha MIT, Marekani, ambako anashikilia kigoda cha uprofesa cha Louis E. Seley. Yeye na mtafiti mwenzake, William Jack, walifuatilia kaya za Kenya baada ya M-Pesa, huduma ya kutuma pesa kwa simu, kuanza mwaka 2007. Makala yao ya mwaka 2014 ilionyesha kwamba kaya zisizotumia huduma hiyo zikipatwa na janga, matumizi yao hushuka kwa asilimia 7. Ya watumiaji hayashuki. Mwaka 2016, katika jarida la Science, walikadiria kuwa kaya 194,000 zimetoka katika umaskini kwa sababu ya huduma hiyo.

Chundwa, kisiwani Pate, jambo hilo halihitaji hesabu. Kusi ikichafua bahari, mvuvi hatoki. Nduguye aliye Mombasa akimtumia pesa kwa simu, chungu hakitoki jikoni. Yapo mengine yanayostahili utafiti wa namna hiyo, mathalani deni la mvuvi kwa tajiri aliyemkopesha nyavu na mafuta, mvuvi akalazimika kumuuzia samaki tajiri huyo peke yake. Mhadhiri wa Pwani atakayelichunguza vizuri anastahili uprofesa sawa na yeyote.

Mzazi wa Chundwa anayempeleka mwanawe kusomea biashara na aulize walimu wa chuo hicho wamechapisha nini, na katika majarida gani.