Mlima Unaotema Magadi



Katika majiko ya familia nyingi za Kasoli, wilayani Bariadi, na kote Usukumani, kuna kitu kidogo kisichokosekana kando ya chungu, nacho ni magadi. Mlenda hupikwa kwa magadi, na maharage makavu hulainika upesi yakitiwa chembe zake chache. Mama hurithi kipimo kutoka kwa mama yake, naye humrithisha binti yake, na ni nadra mtu kuuliza mgeni huyu wa chunguni katoka wapi. Leo tumekusudia kuifuatilia asili yake. Safari hiyo itatufikisha kwenye kilele cha mlima ambao hauna mwenzake duniani, na mwisho wake tutakuwa na jambo la kuwafaa watoto wetu.

Ardhi kongwe, mlima mchanga

Anayeishi Kasoli anakanyaga mwamba mkongwe mno. Majabali ya graniti yaliyotapakaa katika nchi ya Usukuma, yale ambayo watoto huyapanda na mijusi huota jua juu yake, yana umri unaozidi miaka bilioni mbili na nusu. Ni sehemu ya bamba nene la mwamba lililotulia chini ya sehemu ya kati ya Tanzania. Mvua na jua vimeyachonga kwa muda usiohesabika, yakabaki mawe ya mviringo yaliyopangana kana kwamba mtu kayaweka kwa mkono.

Lakini tukielekea mashariki, tukalivuka pori la Serengeti na kushuka upande wa pili, mambo hubadilika. Huko ndiko ukingo wa bamba lile kongwe, na huko ardhi imepasuka na kufanya Bonde la Ufa. Ndani ya bonde hilo, kusini mwa Ziwa Natron, katika Wilaya ya Ngorongoro mkoani Arusha, umesimama Mlima Ol Doinyo Lengai. Wamaasai ndio walioupa jina hilo, na maana yake ni Mlima wa Mungu.

Kilele chake kina kimo cha takriban meta 2,960 kutoka usawa wa bahari, na kutoka bondeni umeinuka kwa zaidi ya meta 2,000. Mbavu zake ni mwinamo mkali uliochanwachanwa na makorongo, na anayeupanda aghalabu huanza safari usiku kutoka Engare Sero ili aukwepe ukali wa jua. Kiumri ni mtoto mbele ya mawe ya Kasoli, kwani haujatimiza hata miaka nusu milioni. Aidha, kwa lugha ya wataalamu wa miamba, mlima huu ungali hai.

Uji mweusi unaogeuka mweupe

Sote tumepata kuona picha za volkano, na akilini mwetu lava ni uji wa mwamba unaong'aa kwa wekundu, mzito, wenye joto la kutisha. Ndivyo ilivyo katika volkano nyingine zote zinazolipuka leo. Lava ya kawaida ina silika kwa wingi, madini yale yale yaliyo katika mchanga na kioo. Silika huifanya lava iwe nzito, na joto lake huweza kufikia nyuzi 1,100 za Sentigredi au zaidi.

Lava ya Lengai haifuati kanuni hiyo. Silika ndani yake ni kama haipo. Badala yake imejaa kabonati za sodiamu, kalisi na potasi. Kwa maneno ya jikoni, ni magadi yaliyoyeyuka. Joto lake ni kati ya nyuzi 500 na 600 tu, yaani takriban nusu ya joto la lava nyingine. Mchana haionyeshi wekundu wowote, bali huonekana nyeusi kama matope au oili chafu ya gari. Usiku ndipo huonekana wekundu hafifu. Ni nyepesi hata hutiririka mithili ya maji, ikapita katika mifereji midogo na kuruka juu ya mawe kama kijito.

Ajabu nyingine huja baada ya lava hiyo kupoa. Ikishaganda, huanza kunyonya unyevu wa hewa, na katika muda wa saa au siku chache weusi wake hugeuka kijivu, kisha mweupe. Wasafiri wa zamani walioutazama mlima huu kwa mbali waliona weupe kileleni, na mtu asiyejua angeweza kudhani ni theluji. Kumbe ni magadi.

Aliyeifahamisha dunia ya wanasayansi siri hii ni J. B. Dawson, mtaalamu wa Idara ya Jiolojia ya Tanganyika. Aliiona lava hiyo ndani ya kasoko mwaka 1960, na mwaka 1962 habari zake zikachapishwa katika jarida la Nature. Kabla ya hapo, wataalamu wengi walishindwa kukubali kwamba mwamba wa kabonati unaweza kutoka ardhini ukiwa umeyeyuka. Ndani ya lava hiyo yaligunduliwa madini mawili ambayo hayakuwa yakijulikana. Moja liliitwa nyerereiti, kwa heshima ya Mwalimu Julius Nyerere, na la pili gregoriti, kwa jina la Mwingereza J. W. Gregory aliyelichunguza Bonde la Ufa. Hivyo jina la Baba wa Taifa limo pia ndani ya jiwe linalozaliwa Lengai.

Mlima wa namna hii unapatikanaje? Wataalamu wengi wanaeleza hivi. Chini sana, pembezoni mwa lile bamba kongwe, mwamba huyeyuka kidogo kidogo, nao una gesi ya kaboni kwa wingi. Uji huo unapopanda na kupoa, hujitenga mafungu mawili, kama mafuta yanavyojitenga na mchuzi uliotulia. Fungu moja huwa lava yenye silika, na la pili huwa lile la magadi.

Upole unaoficha ukali

Msomaji asidhani kwamba kwa kuwa lava hii ni nyepesi na ina joto dogo, basi mlima wenyewe ni mpole. Sehemu kubwa ya mwili wake imejengwa kwa mawe ya aina nyingine, yenye silika, yaliyotupwa kwa milipuko mikali. Lava ya magadi ni tabaka dogo la juu. Vipindi vya utulivu, ambapo uji mweusi hutiririka kasokoni, hukatizwa na milipuko ya majivu. Ndivyo ilivyotokea mwaka 1917, mwaka 1940 hadi 1941, na mwaka 1966 hadi 1967.

Mara ya karibuni ilikuwa mwaka 2007. Mwezi Julai mwaka huo matetemeko ya ardhi yaliitikisa kaskazini ya Tanzania, na mtikisiko ukasikika hadi Nairobi. Mwezi Septemba Lengai ukalipuka, ukirusha majivu juu angani, na milipuko ikaendelea hadi mwaka 2008. Wafugaji wa jirani walilazimika kuhama na mifugo yao, maana majani yalifunikwa na majivu. Kilele kilichokuwa kimejaa lava kiliachwa na shimo refu, na baadaye lava ya magadi ilianza tena kutoka chini ya shimo hilo.

Neema iliyopeperushwa na upepo

Majivu hayo, yaletayo dhiki yanapoanguka, yana upande wa pili. Upepo wa eneo lile aghalabu huvuma kutoka mashariki kwenda magharibi. Kwa maelfu ya miaka umeyachukua majivu ya Lengai, na ya jirani yake mkubwa kiumri, Kerimasi, ukayamwaga juu ya nyanda za kusini mashariki za Serengeti. Majivu yenye kalisi yalipolowana na kukauka, yaliganda chini ya udongo yakawa tabaka gumu kama sakafu. Mizizi ya miti hushindwa kupenya, na ndiyo sababu nyanda zile ni majani mafupi matupu hadi upeo wa macho.

Majani hayo mafupi yana madini mengi. Nyumbu huyafuata kila mwaka na kuzaa hapo kati ya Januari na Machi, kwa sababu mama anyonyeshaye anahitaji kalisi na fosforasi. Pori la Akiba la Maswa, lililomo katika Mkoa wetu wa Simiyu, linapakana na nyanda hizo. Kwa hiyo Lengai hauonekani kutoka Kasoli, lakini kazi yake imefika jirani kabisa.

Jambo linalotuhusu sote

Sasa tuje kwenye lile tulilowaahidi. Lava ya Lengai, pamoja na soda, hubeba floraidi kwa wingi. Mawe mengine ya volkano za Bonde la Ufa nayo yana madini haya, na maji yapitayo ndani yake huyachukua. Floraidi kidogo huimarisha meno, ama ikizidi huyaharibu. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 katika lita moja ya maji ya kunywa, na zipo chemchemi na visima vya kaskazini ya Tanzania vinavyozidi kiwango hicho mara nyingi.

Wala si Arusha na Kilimanjaro peke yake. Floraidi iliyozidi imepatikana pia katika maji ya Singida, Mara, Mwanza na Shinyanga, na Bariadi ilikuwa sehemu ya Shinyanga hadi Mkoa wa Simiyu ulipoanzishwa mwaka 2012. Graniti kongwe nayo huweza kutoa floraidi. Hatusemi kwamba kisima fulani cha Kasoli kina kasoro. Tunasema hakuna awezaye kujua kwa kutazama au kuonja, kwa sababu floraidi haina rangi wala harufu.

Na magadi je? Hatudai kwamba kipande kilicho jikoni mwako kimetoka Lengai, kwa maana magadi huchotwa katika maziwa na mbuga nyingi. Lakini asili ya magadi mengi ya kaskazini ni miamba ya namna hiyo, na baadhi yake yana floraidi nyingi. Katika miaka ya 1990 watafiti wa meno hapa nchini walibaini kwamba watoto wa vijiji ambavyo maji yake hayakuwa na floraidi ya kutisha walikuwa na meno yenye madoa, na wakaihusisha hali hiyo na magadi yaliyotiwa katika chakula.

Mtoto huathirika zaidi wakati meno yake ya ukubwani yanajengeka ndani ya fizi, yaani tangu utotoni hadi takriban miaka minane. Meno yakishatoka na madoa ya kahawia, madoa hayo hayaondoki kwa mswaki, uwe wa mti au wa dukani. Hapa pana dhuluma ndogo itendwayo kila siku. Mtoto huchekwa shuleni na madrasa kwamba hasugui meno, na mzazi humkemea kwa uvivu asioufanya. Naye hujifunza kucheka huku kafunika mdomo kwa mkono. Kosa si lake. Limo katika maji na chungu. Floraidi ikizidi sana kwa miaka mingi, hata mifupa hupinda na viungo hukakamaa.

Tufanye nini? Kwanza, tusitegemee kuchemsha. Kuchemsha huua vijidudu, na ni jambo jema, lakini floraidi hubaki, tena maji yanapopungua kwa mvuke hiyo huzidi ukali. Pili, maji ya mvua yaliyokingwa kwa usafi yana floraidi ndogo mno, basi yafaa yatengwe kwa ajili ya watoto wadogo. Tatu, magadi yapunguzwe chunguni, hususan katika chakula cha watoto. Maharage yakilowekwa usiku kucha hulainika bila ya magadi.

Nne, upo mchujo wa mkaa wa mifupa, ambao kituo cha utafiti cha Ngurdoto mkoani Arusha, kilicho chini ya Wizara ya Maji, kimeuendeleza kwa miaka mingi. Familia ya Kiislamu ina haki ya kuuliza ni mifupa ya mnyama gani. Atakayetaka kuutumia aulize asili ya mifupa hiyo, kisha awarejee masheikh wake, ili anywe kwa moyo uliotulia.

Tano, na hili ndilo kubwa, tuulize. Tangu mwaka 2019 maji ya vijijini yako chini ya wakala wa Serikali uitwao RUWASA, na maji ya kisima hupimwa katika maabara. Cheti cha vipimo hivyo hakipaswi kubaki kabatini. Mkutano wa kijiji ujao, mzazi mmoja asimame kwa adabu aombe kisomwe mbele ya wote, hasa pale palipoandikwa floraidi. Ikiwa tarakimu ni chini ya 1.5, tumshukuru Mola na tuendelee kuchota. Ikiwa imezidi, tutajua la kudai, na tutaacha kuwalaumu watoto.