Mama mwenye ADHD si mzembe, kichwa chake kimebebeshwa mengi

Kazi za nyumbani zina pande mbili. Upande mmoja unaonekana: kupika, kufua, kuosha vyombo. Mwingine hauonekani: kukumbuka kwamba gesi inakaribia kuisha, sare ya mtoto imembana, keshokutwa ni kliniki ya chanjo na Ijumaa ni siku ya mwisho ya mchango wa harusi. Huo ndio mzigo wa fikra, na katika nyumba nyingi mama huubeba peke yake, hata akiwa na dada wa kazi.

Kwa mwanamke mwenye ADHD, mzigo huo huelemea zaidi. ADHD ni hali ya ubongo inayoanza utotoni. Haitokani na uvivu wala malezi mabaya. Huathiri uwezo wa kutuliza umakini, kupanga, kukadiria muda na kushika jambo kichwani huku ukifanya jingine. Hayo ndiyo hasa yanayohitajika kuendesha nyumba.

Ndiyo maana anabandika maharage, anatoka kuanua nguo, simu inaita, na harufu ya kuungua ndiyo inayomrudisha jikoni. Wenzake wanasema ni mzembe. Akiambiwa hivyo miaka nenda rudi, mwishowe naye anaamini.

Kwa nini hugundulika ukubwani?

Wasichana wengi wenye hali hii hawasumbui darasani. Hukaa kimya, mawazo yakiwa mbali, na mwalimu haoni tatizo. Kwa kuwa ADHD mara nyingi hurithiwa, baadhi ya akina mama hujitambua pale mtoto wao anapopimwa.

Mambo yanayosaidia

Andika, usitegemee kichwa. Weka kalenda moja kubwa jikoni, na kengele ya simu kwa mambo yenye saa. Ukiandika sehemu tano, utasahau ulipoandika.

Punguza maamuzi. Ratiba ya chakula ijirudie kila wiki, ili kila jioni usianze kuwaza leo tupike nini.

Weka vitu machoni. Fomu ya shule ikae juu ya mkoba wako, si ndani ya droo.

Gawaneni jukumu zima. Baba, kusema “si ungeniambia tu” hakupunguzi mzigo. Mama anabaki na kazi ya kukumbuka, na sasa ameongezewa ya kukuagiza. Ukichukua suala la gesi, liwe lako tangu kuona inaisha hadi mtungi mpya kufika.

Muone daktari. Sonona, kukosa usingizi na matatizo ya tezi ya shingo huweza kufanana na ADHD, hivyo usijipime kwa video za mtandaoni. Anzia hospitali yenye huduma za afya ya akili, kama Muhimbili jijini Dar es Salaam au Mirembe jijini Dodoma. Zipo dawa na ushauri vinavyosaidia. Kama una ujauzito au unanyonyesha, mweleze daktari mapema.

Jumapili hii kaeni pamoja, muandike kila jambo ambalo mama hulikumbuka kwa niaba ya nyumba nzima. Kisha kila mmoja, hata mtoto wa darasa la tano, achague lake.