Sauti, Kidatu na Makazi

Mwalimu wa kwaya huko Bomang'ombe akisema, "Sauti ya pili, pandisheni sauti," amelitumia neno moja kwa mambo mawili: kundi la waimbaji, na jambo wanalotakiwa kulitenda. Na hilo la pili lina utata wake, kwani wengine huongeza nguvu, wengine hupanda juu. Ajabu ni kwamba wengi wao huzungumza Kimachame, lugha ambayo kupanda na kushuka kwa sauti hubadili maana ya maneno; masikio yao yaijua tofauti hiyo vyema.

Wanaisimu hutumia "kidatu", yaani kipandio, kama kile akatacho mkwezi katika shina la mnazi. Lafaa sana kwa kimo cha sauti moja. Lakini Waitalia wana neno tessitura, la sehemu ya ngazi ambamo wimbo hukaa zaidi; nayo si umbali wote toka kidatu cha chini kabisa hata cha juu kabisa. Umbali huo tuuite "upana". Ile sehemu napendelea kuiita "makazi ya wimbo". Wimbo wenye upana mdogo waweza kuwachosha waimbaji wa sauti ya nne, wenye sauti nene, iwapo makazi yake yako juu.