Asidi "Dhaifu" Nayo Huchoma

Ndugu wafanyakazi, maji ya betri tunayoyaona katika gereji za Katwe, Kampala, yana asidi ya salfuriki. Wataalamu huiita kali, kwa kuwa ikiingia majini karibu kila molekuli huachia haidrojeni yake, na hiyo ndiyo inayokula chuma. Asidi ya siki huitwa dhaifu: katika siki ya kawaida haifiki molekuli moja kwa mia inayoachia. Lakini neno hilo lisituhadae! Asidi ya fomiki, inayogandisha utomvu wa mpira mashambani, ni dhaifu pia, na isipozimuliwa huchoma ngozi na macho. Tudai glavu na miwani kwa zote. Anayezimua amimine asidi ndani ya maji, kamwe si maji ndani ya asidi.