Ushauri wa Ndoa kwa Simu na Nafasi ya Baraza la Usuluhishi

Mume anapochimba dhahabu Geita na mke akabaki Bariadi akilima pamba, mgogoro wao mara nyingi hukomaa kwa kukosa mahali pa kuzungumzia. Mazungumzo ya simu au video pamoja na mshauri anayefahamu Kiswahili na Kisukuma huweza kupunguza umbali huo. Lugha ni jambo la msingi. Aliyezoea kueleza uchungu wake kwa Kisukuma huweza kunyamaza mbele ya Kiswahili cha ofisini, na ukimya wake ukadhaniwa kuwa ni ridhaa.

Hata hivyo, ushauri wa simu hauondoi utaratibu wa kisheria. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka shauri la talaka litanguliwe na Baraza la Usuluhishi wa Ndoa, isipokuwa katika hali maalumu, kama vile mwenzi kutoroka na kutojulikana aliko. Kwa kawaida baraza husika ni la kata anakoishi mume. Likishindwa kuwapatanisha, hutoa hati, nayo haipaswi kuzidi miezi 6 siku shauri linapofunguliwa mahakamani. Ni muhimu hati hiyo itunzwe na tarehe yake ikumbukwe.

Penye kipigo, usalama hutangulia usuluhishi. Taarifa hupelekwa Dawati la Jinsia na Watoto la Polisi. Kwa mtoto anayedhurika, namba 116 hupigwa bila malipo. Kwa mashauri mengine ya familia, mlango wa kuanzia ni afisa ustawi wa jamii.