Utangulizi: Maumbo Yanayosomeka kwa Vidole

Chukua sweta lolote la kawaida lililofumwa kwa sindano mbili, uligeuze ndani nje. Upande wa nje una vitanzi vyenye umbo la herufi V, vimepandana safu juu ya safu. Upande wa ndani una vinundu vidogo vilivyolala mlalo. Ukivutavuta kitambaa taratibu utagundua kwamba V na kinundu ni kitanzi kilekile, kimoja kikitazamwa kutoka pande mbili. Fani nzima ninayokukaribisha, yaani ufumaji wa michoro ya kutokeza, imesimama juu ya jambo hilo. Hakuna rangi ya pili wala uzi wa ziada. Kuna kitanzi kinachoonyesha uso na kitanzi kinachoonyesha mgongo, na mfumaji ndiye anayeamua kila kimoja kikae wapi.

Wengi wetu tumekulia katika nyumba zenye vitambaa vya kufuma mezani na kwenye makochi, na aghalabu vile ni kazi ya kroshia. Kroshia hutumia sindano moja yenye ndoano, na kila kitanzi hufungwa kabla ya kuanza kinachofuata. Huku kwetu mambo ni tofauti: vitanzi vya mstari mzima vinabaki wazi juu ya sindano ya kushoto, vikisubiri zamu yao. Ukitaka uso, uzi unakaa nyuma ya kazi na sindano ya kulia inaingia kwenye kitanzi kutoka mbele kwenda nyuma. Ukitaka mgongo, uzi unaletwa mbele, na sindano inaingia kutoka nyuma kuja mbele. Mikono ikishazoea miondoko hiyo miwili, kilichobaki ni mpangilio.

Mpangilio huo una tabia zake, na hapa ndipo nitamwomba mwanafunzi atulie. Kitambaa cha uso mtupu hakikubali kulala: kingo zake za pembeni hujikunja kuelekea nyuma, na zile za juu na chini hujikunja kuja mbele. Ukipanga uso na mgongo katika nguzo za wima, nguzo za uso hujitokeza na za mgongo huzama. Ukivipanga katika mistari ya mlalo, mambo hugeuka: mgongo ndio unaojitokeza na uso unazama. Kwa hiyo umbo lenye mipaka ya wima na ya mlalo kwa pamoja, kama mraba au pembetatu, ni mahali nguvu hizo mbili zinapokutana. Vinundu na mabonde yote tunayoyaona yanatoka katika mvutano huo. Wanafizikia nao wamelitambua jambo hili. Mwaka 2024 Elisabetta Matsumoto wa Georgia Tech, Marekani, pamoja na wenzake walichapisha utafiti unaoonyesha jinsi mpangilio wa uso na mgongo peke yake unavyobadilisha mnyumbuko wa kitambaa, ingawa uzi ni uleule.

Kihistoria, mgongo ulichelewa. Soksi za pamba za rangi ya buluu na nyeupe zilizopatikana Misri, za karne za kati, zina michoro ya kupendeza, lakini michoro hiyo ni ya rangi. Miongoni mwa vipande vya kale zaidi vinavyojulikana kuwa na vitanzi vya mgongo ni soksi ndefu za hariri alizozikwa nazo Eleonora wa Toledo huko Florence, Italia, mwaka 1562. Miaka isiyofika mia baadaye ufundi ulikuwa umekomaa: vazi la hariri linalosemekana lilivaliwa na Mfalme Charles wa Kwanza wa Uingereza siku alipokatwa kichwa, Januari 1649, lina michoro iliyofumwa kwa uso na mgongo tu.

Mimi lakini moyo wangu uko kwa wavuvi. Katika pwani za Uingereza na Uskoti, hasa karne ya 19, wake na binti za wavuvi walifuma sweta nzito za sufu ya buluu iliyokoza, zinazoitwa gansey, zenye almasi, ngazi, zigizaga na bendera kifuani. Walizifuma kwa mzunguko, kwa sindano kadhaa za chuma, ili uso wa kazi uwatazame wakati wote. Mikono ilifumwa kutoka begani kushuka chini, ili sehemu ya kiganjani ikichakaa ifumuliwe na kufumwa upya. Kila umbo lina sababu ya kuwepo: vinundu na mabonde hushika hewa, na hewa hutunza joto.

Utasimuliwa kwamba kila kijiji kilikuwa na mchoro wake, ili mvuvi aliyezama atambuliwe kwa sweta lake. Simulizi hiyo ilipata nguvu kutokana na tamthilia ya John Millington Synge ya mwaka 1904, Riders to the Sea, ambamo dada anaitambua soksi ya kaka yake kwa idadi ya vitanzi. Mwandishi yule alikuwa anaeleza alama ya mkono wa mfumaji mmoja, wala si mchoro wa kijiji. Wasichana wa Uskoti waliokwenda kusafisha samaki aina ya heringi walisafiri bandari hadi bandari wakifuata msimu, sindano zikiwa mikononi, na michoro ikasafiri nao. Mchoro mzuri haukai kijijini.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Tafuta uzi laini usio na manyoya, wa rangi nyepesi. Nyeusi na buluu iliyokoza humficha mwanafunzi kile anachopaswa kukiona. Pandisha vitanzi 24. Fuma uso 4, mgongo 4, hadi mwisho wa mstari, na urudie hivyo mistari 4. Katika mstari wa 5 hadi wa 8 geuza: mgongo 4, uso 4. Endelea kubadilisha kila baada ya mistari 4. Utapata madirisha yanayopishana, na ukiyatazama kwa mbali utadhani ni mkeka wa ukili.

Utaona pia kwamba madirisha hayo ni mapana kuliko urefu wake. Hujakosea. Kitanzi chenyewe ni kipana kuliko kimo chake: kwa uzi wa unene wa wastani, sentimita 10 hubeba takriban vitanzi 20 kwa upana na mistari 28 kwa urefu. Anayetaka mraba wa kweli afume mistari 7 kwa kila vitanzi 5. Uwiano huo ndio jiometri yote ya fani hii, na ndio unaoamua almasi yako itasimama au itabonyea.

Michoro mingi utaikuta katika chati ya vyumba, kila chumba kitanzi kimoja. Husomwa kutoka chini kwenda juu; mistari ya mbele kutoka kulia kwenda kushoto, ya nyuma kutoka kushoto kwenda kulia. Chumba kitupu ni uso, chenye nukta ni mgongo, kwa jinsi vinavyoonekana mbele. Hivyo unaporudi kwa upande wa nyuma, kitupu unakifuma mgongo na chenye nukta unakifuma uso. Hapa ndipo wanafunzi wengi hukata tamaa, na dawa yake si kukariri. Tazama kitanzi kilichopo chini ya sindano yako: kina V, au kina kinundu shingoni? Mwenye kujua kusoma kitambaa hahitaji kuhesabu mistari, na akipotea hujirudisha njiani mwenyewe.

Basi usifungue sura ya kwanza mikono mitupu. Fuma kwanza kile kipande cha vitanzi 24, uwe nacho mkononi unaposoma, maana kila sura itakutaka ukipapase.